Akiba Inayooza Ndani ya Kompyuta

Jioni ile umeme ulikatika mara mbili ndani ya dakika moja. Mara ya kwanza ulikatika ukarudi, na kompyuta kubwa ya steshenari ya mke wangu, pale Tandika, Dar es Salaam, ikaanza kuwaka yenyewe kama tulivyoipanga. Skrini ikiwa bado haijaonyesha kitu, ukakatika tena. Uliporudi mara ya pili umeme ulitulia, lakini kompyuta haikutulia. Feni zilizunguka, taa za kwenye kasha zikawaka, skrini ikabaki nyeusi tititi. Baada ya sekunde kama ishirini ikajizima. Ikajiwasha. Ikajizima tena. Kwenye benchi mbele ya kaunta walikuwa wamekaa vijana wanne na bahasha zao za vyeti, wamekuja kujaza maombi ya mkopo wa elimu ya juu. Mmoja wao alikuwa ametoka Mbagala na nauli ya kurudia tu mfukoni.

UPS tunayo. Betri yake ilikuwa imekwisha tangu mwezi uliotangulia na tulikuwa hatujanunua nyingine. Hilo ni kosa letu na nalikubali.

Lakini si umeme ulioniuma. Umeme kukatika tumekuzoea na tunajipanga nako. Kilichoniuma ni kwamba mazabodi ya kompyuta ile niliichagua makusudi, nikaacha nyingine ya bei nafuu, kwa sababu boksi lake lilijisifu kwa herufi kubwa kwamba ndani kuna BIOS mbili: moja ya kazi na nyingine ya akiba, ili ya kwanza ikipata ajali ya pili ishike usukani. Ajali ilitokea. Ya pili ikashika usukani. Na hapo ndipo matatizo yetu yalipoanza. Jina la aliyeitengeneza silitaji, maana niliyoyaona siku nne zilizofuata nimeyasikia pia kwa watu wenye mazabodi za majina tofauti kabisa.

Kwa asiyeijua, BIOS ni programu ya kwanza kuamka unapobonyeza kitufe cha kuwasha. Kabla ya Windows au Linux, kabla skrini haijapata picha, prosesa huenda kwenye chipu ndogo iliyolehemewa kwenye mazabodi na kusoma humo maelekezo ya kuamsha RAM, kutambua diski na kuwasha skrini. Jina hilo lilitokana na kazi ya Gary Kildall, Mmarekani aliyetunga mfumo wa CP/M miaka ya 1970, likaenea duniani na kompyuta ya IBM ya mwaka 1981. Mazabodi za leo hutumia mfumo mpya zaidi uitwao UEFI, lakini mafundi na wauzaji bado wanasema BIOS, nami nitasema hivyo hivyo.

Chipu yenyewe ni ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Ina miguu minane, minne kila upande, na kitone upande mmoja kuonyesha mguu wa kwanza ulipo. Kwenye mazabodi nyingi za miaka ya karibuni hubeba megabaiti 16 au 32. Watengenezaji wa chipu za aina hii huahidi kwamba itatunza kilichoandikwa kwa miaka 20 na kuvumilia kuandikwa upya mara 100,000. Kwa hiyo si chombo dhaifu. Kinachoharibika mara nyingi ni maandishi yaliyomo, na maandishi hayo yakiharibika, kompyuta nzima inakuwa bati na plastiki. Prosesa nzima, RAM nzima, diski nzima, lakini hakuna wa kuziamsha.

Dunia ililijua hilo kwa uchungu tarehe 26 Aprili 1999. Kirusi kilichotungwa na mwanafunzi wa Taiwan, Chen Ing-hau, kilikuwa kimesambaa kimyakimya tangu mwaka 1998 kikingoja tarehe hiyo. Ilipofika, kikafuta mwanzo wa diski za watu, na kwenye mazabodi ambazo chipu ya BIOS ilikuwa haijafungwa dhidi ya kuandikwa, kikaandika takataka juu yake. Kwa kuwa tarehe iligongana na kumbukumbu ya ajali ya Chernobyl ya mwaka 1986, watu wakakiita kirusi cha Chernobyl. Aliyepigwa na sehemu ile ya pili hakuokolewa na kusakinisha Windows upya. Dawa ilikuwa kung'oa chipu na kuweka nyingine.

Ni katika kipindi hicho hicho, mwishoni mwa miaka ya 1990, ambapo Gigabyte ya Taiwan ilianza kuuza mazabodi zenye chipu mbili za BIOS, na wengine wakafuata kwa namna zao. Wazo ni zuri. Ninalitetea hadi leo. Mtu aliyekaa na kufikiria kwamba BIOS itakufa siku moja, na kwamba mwenye kompyuta asiachwe njia panda, alifikiri kiutu. Wahenga walisema akiba haiozi. Ninachobishana nacho ni jinsi akiba hii inavyotunzwa: imefungiwa mahali ambapo mwenye mali haioni, haigusi, haijui ina umri gani, wala hajui siku ambayo imeamuliwa itumike.

Siku ya kwanza niliimaliza kwa dawa za kienyeji zinazojulikana na kila mwenye kompyuta. Nilichomoa waya wa umeme, nikatoa ile betri ya mviringo ya CR2032, nikangoja, nikairudisha. Nilitoa RAM moja, nikaacha moja, nikazibadilishia nafasi. Nilibana kitufe cha kuwasha mpaka kidole kikachoka. Mashine ilizidi kuzunguka palepale. Wateja tuliwapeleka duka la jirani.

Siku ya pili niliibeba hadi Kariakoo, kwa fundi kijana ambaye meza yake haizidi upana wa mlango. Aliniamkia, akaichomeka, akaitazama inavyowaka na kuzima bila kuigusa. Kisha akauliza swali ambalo sikulitarajia.

“Mzee, prosesa iliyomo ndiyo iliyokuja na bodi hii?”

Nikamwambia hapana. Mazabodi niliinunua mtumba ikiwa na Ryzen 5 1600, prosesa ya mwaka 2017. Baadaye nilisasisha BIOS, nikaweka Ryzen 5 5600, ya mwaka 2022, na ikafanya kazi vizuri miezi mingi bila kulalamika.

“Basi BIOS yako haijafa, mzee. Imehama.”

Alitoa kifaa kidogo cha rangi nyeusi kinachochomekwa kwenye USB, ambacho mafundi wanakiita programa, chenye waya unaoishia kwenye kibano cha meno manane. Kabla ya kukibana alikipima kwa mita. Akanieleza kwamba baadhi ya programa za bei rahisi hupeleka volti 5 kwenye miguu inayotaka volti 3.3, na fundi asiyepima anaweza kuua chipu aliyoletewa ikiwa nzima. Kisha akakibana juu ya chipu ya kwanza, waya mwekundu upande wa kitone, akabonyeza kusoma. Laptopu yake ikavuta baiti 16,777,216, yaani megabaiti 16 kamili. Akasoma mara ya pili, akalinganisha mara mbili hizo. Zikafanana. Akapakua kutoka kwa mtengenezaji faili ya toleo nililokuwa nimeweka, akalinganisha tena. Tofauti pekee ilikuwa kwenye kipande kidogo kinachotunza mipangilio yangu, kama vile saa na mpangilio wa diski.

BIOS kuu ilikuwa nzima. Kila herufi mahali pake.

Akahamishia kibano kwenye chipu ya pili, ya akiba. Hii nayo ilikuwa nzima, lakini tarehe iliyoandikwa ndani yake ilikuwa ya mwaka 2017, siku mazabodi ilipotoka kiwandani. Toleo la 2017 haliwezi kuijua prosesa iliyozaliwa 2022. Limefika mbele ya prosesa ngeni, halina maelekezo yake, likasimama. Mazabodi ikaona kimya, ikajizima, ikajaribu tena. Kule kuwaka na kuzima kote kulikuwa ni akiba ikigonga mlango usiokuwa wake, huku mwenye ufunguo akiwa amekaa sentimita chache pembeni, amefungiwa nje.

Kwa nini ilihama wakati kuu ilikuwa nzima? Kwa sababu mazabodi inakisia. Haina njia ya kujua kwa hakika kwamba BIOS imeharibika. Inachojua ni kwamba ilijaribu kuamka na haikufika mwisho. Ikiamka mara kadhaa bila kufika mwisho, inahitimisha kwamba kosa ni la BIOS. Lakini sababu za kutofika mwisho ni nyingi. RAM iliyolegea kwenye nafasi yake itafanya hivyo. Pawasaplai iliyochoka itafanya hivyo. Mtu aliyejaribu kuikimbiza RAM kwa kasi isiyoiweza atafanya hivyo. Na umeme unaokatika, ukarudi, ukakatika tena wakati mashine iko katikati ya kuamka utafanya hivyo bila kugusa hata herufi moja ndani ya chipu. Nchi zenye umeme tulivu zinaweza kukaa miaka bila kuona hali hiyo. Tandika tunaiona, na Goma wanaiona, na kila mahali ambapo mtu huwasha jenereta huku mashine ikiwa imechomekwa.

Kukisia peke yake si dhambi kubwa. Daktari naye hukisia, kisha hupima. Mazabodi nyingi hazipimi. Hazikuulizi. Hazikuandikii popote kwamba leo umeamshwa na akiba. Na kwenye mazabodi za bei ya kati na ya chini, ambazo ndizo zinazonunuliwa na steshenari na vyumba vya kompyuta vya shule, hakuna swichi ya kusema rudi kwenye ile ya kwanza. Swichi huwekwa kwenye mazabodi za gharama, za wale wanaocheza na kasi. Mwenye kuhitaji zaidi ndiye aliyenyimwa.

Kisha likaja jambo lililonikata maini. Fundi alifungua droo akatoa Ryzen ya zamani ya kizazi kile cha 2017, ili aiamshe mashine kwa akiba aone inasemaje. Skrini iliwaka mara moja. Nikafurahi. Maandishi yakatokea kwa Kiingereza yakisema kwamba BIOS kuu imeharibika na inarekebishwa kwa nakala ya akiba, na chini yake mstari ukaanza kujaa, asilimia baada ya asilimia. Kuchomoa waya wakati chipu inaandikwa ni hatari kuliko kuacha, kwa hiyo tukasimama wote wawili tukitazama. Mazabodi ilichukua BIOS mpya iliyokuwa nzima, ikaifuta, ikaandika juu yake ile ya miaka iliyopita.

“Umeona, mzee? Imemzika aliye hai.”

Kama fundi huyu asingekuwa na tabia ya kusoma na kuhifadhi kabla ya kugusa, nakala yangu yenye mipangilio yote ingekwenda. Faili ya mtengenezaji ingepatikana, ndiyo, lakini ingebidi upate kwanza prosesa ya zamani ya kuisasishia. Hili la kuhitaji prosesa ya zamani ili kuweka BIOS ya prosesa mpya si tatizo la Kariakoo peke yake. Mwaka 2018 AMD yenyewe, watengenezaji wa Ryzen, ilifikia hatua ya kuwaazima wateja prosesa za kusasishia BIOS kisha warudishe. Hapa kwetu anayekuazima ni fundi mwenye droo.

Aliweka mazabodi vizuri, akabana tena kibano, akaandika toleo jipya kwenye chipu zote mbili, akasoma kilichoandikwa, akalinganisha. Kazi yenyewe haikufika saa moja. Foleni ya kumfikia ndiyo iliyokula siku mbili, maana wenye shida kama yangu walikuwa wengi. Tuliporudisha prosesa mpya, mashine ikauliza kwa Kiingereza kama ifute funguo za usalama zilizofungwa na prosesa ya awali, bonyeza Y au N. Swali hilo ni zito kuliko linavyoonekana: ambaye diski yake imefungwa kwa BitLocker na hana namba ya kufungulia aliyoihifadhi kando, akibonyeza Y anaweza kujifungia nyaraka zake zote nje. Sisi diski yetu haikufungwa. Fundi alinisomea kila neno kabla ya kubonyeza, na nilimshukuru kwa hilo kuliko kwa kazi nyingine yote.

Tangu siku ile nimekuwa nikifuatilia jambo hili, na kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyoona kwamba tatizo la akiba kuukuu litazidi. Chukua hizo megabaiti 16. Nafasi hiyo ilitosha wakati soketi ya AM4, inayobeba Ryzen hizi, ilipoingia sokoni. Vizazi vya prosesa vikaongezeka, kila kimoja na maelekezo yake, chipu ikajaa. Mwaka 2019, Ryzen za kizazi cha tatu zilipotoka, MSI ilibidi ipunguze BIOS za baadhi ya mazabodi zake: ikatoa ule ukurasa wa mipangilio wenye picha na rangi, ikaweka mwepesi zaidi, na ikaondoa baadhi ya prosesa za zamani kwenye orodha ili mpya zipate pa kukaa. Uamuzi huo ninauelewa. Lakini tazama maana yake kwenye mazabodi yenye chipu mbili. BIOS kuu inaweza kufika mahali ambapo haizijui tena prosesa za zamani, na ya akiba haijawahi kuzijua mpya. Zote mbili nzima, na haziwezi kumpokea mgonjwa mmoja.

Kuna akiba nyingine iliyoumiza watu hata bila umeme kukatika. Mwishoni mwa miaka ya 2000 zilitoka mazabodi ambazo, kwa kukwepa gharama ya chipu ya pili, zilijiandikia nakala ya BIOS kwenye diski ya mwenye kompyuta, mwishoni kabisa, katika eneo lililofichwa. Hazikumwomba ruhusa. Diski ya terabaiti moja yenye sekta 1,953,525,168 ikaanza kujitambulisha kuwa na sekta 1,953,523,055. Zimepungua sekta 2,113, zaidi kidogo ya megabaiti moja. Mwenye diski moja ya sinema pengine hakuona kitu. Aliyefunga diski kadhaa pamoja ili ikifa moja nyingine zibebe data yake, yeye aliamka akakuta diski moja imekuwa fupi kuliko wenzake na mfumo umeikataa. Kifaa kilichokuja kumlinda kilivuruga ulinzi aliojijengea mwenyewe. Nilipolisoma hilo kwa mara ya kwanza nilirudia hesabu kwa mkono, sikuamini.

Zamani mafundi walikuwa na usemi mmoja: BIOS inayofanya kazi usiiguse. Usemi huo ulitufaa, na ukiufuata akiba ya kiwandani haiwi kuukuu kwa sababu hata kuu haibadiliki. Sasa haufai tena. Mwaka 2023, baada ya baadhi ya prosesa za Ryzen 7000 kuungua kwenye soketi, zilitolewa BIOS mpya kwa haraka zenye kikomo cha volti 1.3 kwa sehemu iliyokuwa ikizidishiwa. Agosti 2024 Intel ilitoa maikrokodi mpya, 0x129, kwa prosesa zake za mezani za vizazi vya 13 na 14, ambazo baadhi yake zilikuwa zikidai volti nyingi kupita kiasi na kuchakaa kabla ya wakati. Dawa ilikuja ndani ya BIOS. Hakuna aliyeshauriwa kuacha.

Sasa mchukue mtu aliyefanya alichoambiwa. Amesasisha, ametulia. Miezi sita baadaye umeme unamchezea, mazabodi inakisia vibaya, inahamia kwenye akiba ya zamani. Safari hii prosesa inajulikana kwa toleo hilo la zamani, kwa hiyo kompyuta inawaka vizuri tu. Windows inafunguka, kazi zinaendelea. Hakuna tangazo. Na prosesa imerudishwa kwenye volti zilezile alizozikimbia. Yangu ilikataa kuwaka, ikanilazimisha kwenda kwa fundi. Huyu hana hata hilo la kumshtua. Kwangu mimi hiyo ndiyo sura mbaya kuliko zote za jambo hili, na ndiyo sababu nimeona niandike.

Haikuwa lazima iwe hivi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kulikuwa na kifaa kidogo kilichouzwa kwa jina la BIOS Savior. Unang'oa chipu kwenye soketi yake, maana zama hizo chipu nyingi zilikaa kwenye soketi, unapachika kifaa hicho chenye chipu ya pili, na unatoa swichi nyuma ya kasha. Swichi huku, unaamka na chipu hii. Swichi kule, unaamka na ile. Mashine haikisii kitu. Mwenye kifaa alijua anatumia ipi kwa kutazama kidole chake kimeisukuma wapi.

Wakubwa wa usalama nao wameshaandika inavyopaswa kuwa. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa mwaka 2018 mwongozo wenye namba SP 800-193 kuhusu uimara wa programu hizi za ndani ya vifaa. Umejengwa juu ya mambo matatu: kulinda, kugundua na kurejesha. Kugundua huko ni kukagua kama maandishi ni halali na hayajaguswa, jambo ambalo ni mbali sana na kuhesabu mara ngapi mashine imeshindwa kuamka. Chromebook, ambazo shule nyingi duniani zinazitumia, zimekuwa na mpangilio wa kueleweka: sehemu ya kwanza ya programu ya kuamshia imefungwa isiandikwe, kisha kuna nafasi mbili zinazosasishwa, na ile sehemu iliyofungwa hukagua sahihi ya nafasi kabla ya kuiamini. Isiyopita ukaguzi inaachwa, inachukuliwa nyingine. Kompyuta za ofisini za kampuni kubwa zina mifumo ya namna hiyo pia. Kwa hiyo ujuzi upo. Haujashuka tu hadi kwenye mazabodi ya mtu wa steshenari.

Kitu kimoja kimeshuka, na ninakisifu: kile kitufe cha nyuma ya kasha cha kuandikia BIOS kutoka kwenye flashi. Kila mtengenezaji anakiita kwa jina lake. Unaweka faili kwenye flashi ya FAT32, unaipa jina linalotakiwa, unaichomeka kwenye tundu lililoonyeshwa, unabonyeza, taa inapepesa dakika kadhaa. Kwenye mazabodi nyingi chenye kufanya kazi hiyo ni chipu ya pembeni, kwa hiyo huhitaji prosesa inayotambulika, wala RAM, wala fundi mwenye droo. Mwenye duka akinipa nichague leo kati ya mazabodi yenye BIOS mbili zisizo na swichi na yenye BIOS moja na kitufe hicho, nitachukua ya kitufe bila kufikiri mara mbili.

Ndugu msomaji mwenye kompyuta ya BIOS mbili, nakuomba ufanye jambo moja kabla wiki hii haijaisha. Washa mashine, ingia kwenye mipangilio ya BIOS, andika kwenye karatasi toleo lililopo na tarehe yake. Kama mtengenezaji ameweka njia ya kusasisha na ile ya akiba, na baadhi wameiweka kwenye menyu yao ya kusasishia, itumie baada ya kuhakikisha toleo jipya limetulia kwa wiki kadhaa, na uifanye ukiwa na UPS yenye betri nzima. Pakua faili ya toleo unalotumia uihifadhi kwenye flashi isiyo na kazi nyingine. Ukiona siku moja toleo limerudi nyuma bila wewe kugusa, jua umehamishwa. Na ukienda kwa fundi, mwombe asome chipu zote mbili na kuhifadhi kabla ya kujaribu chochote. Anayekataa kufanya hivyo, chukua mashine yako uondoke.

Kwa wanaoagiza mazabodi na kuzijaza madukani Kariakoo, Luthuli ya Nairobi na Kampala, nanyi nina ombi. Mnazungumza na viwanda. Sisi hatuna njia ya kuwafikia. Waambieni wateja wenu wanataka mambo matatu ambayo hayafiki hata bei ya feni moja: swichi ya kuchagua BIOS, maandishi kwenye skrini ya kwanza yanayosema umeamka na ipi na toleo gani, na mashine kutofuta BIOS yoyote kabla mwenye nayo hajabonyeza kukubali.

Yule kijana wa Mbagala alirudi siku ya tano. Dirisha la maombi lilikuwa bado halijafungwa. Fomu yake tuliichapa kwa mashine ileile, na ndani ya kasha lake sasa kuna karatasi iliyobandikwa, imeandikwa kwa kalamu ya wino mzito toleo la BIOS kuu, toleo la BIOS ya akiba, na tarehe ambayo fundi aliyasawazisha.